Namna ya Kuzuru Magofu ya Kasri la Maruhubi

Panda daladala ya Bububu kutoka mjini Zanzibar asubuhi mapema, ushuke Maruhubi, kwani jua likishapanda hupati pa kujikinga isipokuwa chini ya miti. Kasri hili Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 kwa ajili ya masuria wake, na moto uliliteketeza mwaka 1899.

Usiharakie picha. Simama kwanza katikati ya safu za nguzo nene za mawe na chokaa, ambazo zamani zilibeba roshani kubwa ya mbao, kisha uingie hamamuni, yaani kwenye bafu la kasri, na baadaye uyaendee mabirika yaliyopokea maji ya mfereji, ambayo siku hizi yameota mayungiyungi. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kukaa zaidi, maana ndipo utakapoelewa jinsi maji yalivyotawala mpango wa makasri yetu. Tafadhali usiparamie kuta, kwani chokaa kuukuu humomonyoka ikiguswa tu.

Ukibakiwa na wasaa, endelea hadi Kidichi, kwenye hamamu ya mwaka 1850 aliyojengewa mke Mwajemi wa Sultani Sayyid Said, babake Barghash, ukatazame ndege na maua yaliyochongwa kwenye lipu.