Namna ya Kupanga Nguvu za Siku kwa Fundi Cherehani

Fundi cherehani anayejitegemea hana msimamizi wa kumhimiza, na ndiyo maana siku yake huharibika kwa njia ambayo mwajiriwa haijui: hufungua banda asubuhi akiwa na nguvu tele, akazimalizia kwenye vifungo na maongezi, kisha saa kumi jioni, akiwa amechoka, ndipo anapotandika kitambaa cha mteja mezani ili akikate. Anayetaka kuondoka katika hali hiyo asianze kwa kugawa saa, bali aanze kwa kuzipambanua kazi zake.

Kupima, kuchora kwa chaki na kukata ni kazi zisizo na msamaha. Mshono uliokwenda upande hufumuliwa ukashonwa upya, lakini kitenge kilichokatwa vibaya kwenye shimo la mkono hakirudi kuwa kizima, na mara nyingi mteja ameleta kitambaa kisichobakiza hata kiraka. Mishono mirefu iliyonyooka inadai uangalifu wa kadiri. Kupinda chini, kutia vifungo, kupunguza nyuzi na kupiga pasi ni kazi ambazo mkono umeshazizoea kiasi kwamba mtu huzifanya huku akizungumza na jirani. Ziandike kazi zako katika makundi hayo matatu.

Baada ya hapo, kwa muda wa wiki moja, weka daftari karibu na cherehani na ujipe alama kuanzia 1 hadi 5 unapofungua, adhuhuri, alasiri na kabla ya kufunga, kulingana na wepesi wa akili yako wakati huo. Usiitegemee kumbukumbu, kwa sababu aliyechoka jioni huiona siku nzima kuwa ilikuwa ya uchovu. Watu wengi hukuta kwamba akili imechangamka saa chache baada ya kuamka, ikalegea kati ya saa saba na saa tisa mchana, kisha ikainuka tena kidogo. Ulegevu huo wa mchana hausababishwi na ugali peke yake, kwani saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaoongoza kulala na kuchangamka, nayo ina sehemu yake. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, wanasayansi wa Marekani, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kueleza namna saa hiyo inavyofanya kazi, wakimchunguza inzi wa matunda. Wapo pia wanaochangamka usiku, nao wafuate daftari lao, wasifuate mazoea ya wenzao.

Sasa kutanisha orodha hizo mbili. Kata nguo za siku nzima katika saa zako bora, kabla ya wageni kuanza kuingia, na simu ikae mbali na meza. Saa za ulegevu zipe vifungo na mapindo. Pasi ni jambo jingine: kazi yenyewe ni nyepesi kwa akili, lakini pasi ya mkaa saa nane mchana chini ya bati ni adhabu, hivyo iahirishe hadi jua lipoe. Ukiweza kulala dakika 20 baada ya chakula, lala bila kuona haya. Chai na kahawa zisogeze upande wa asubuhi, kwa kuwa takribani nusu ya kafeini, kile kichangamshi kilichomo ndani yake, huwa bado imo mwilini muda wa saa tano tangu uinywe, na mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Uchovu usioondoka hata baada ya mapumziko haufai kutibiwa kwa ratiba. Nenda ukapimwe, kwani upungufu wa damu, kisukari na sonona vyote hujitokeza kwa sura hiyo.

Hamu ya kazi ina mambo yake. Edward Deci na Richard Ryan, wanasaikolojia wa Marekani, wanasema hamu ya kudumu hustawi mtu anapokuwa na hiari, anapoona uwezo wake unakua, na anapokuwa na uhusiano mwema na watu. Bandani hayo si makubwa: shona kila wiki vazi moja la mtindo ulioubuni mwenyewe, jifunze jambo moja linalokusumbua, kama vile kola au zipu isiyoonekana kwa nje, na mwombe mteja alivae vazi mbele yako ili uone linavyomkaa. Hilo la mwisho naliona kuwa kubwa kuliko yote, maana fundi asiyemwona mvaaji hubaki akishona vitambaa tu.

Kinachoiua hamu upesi kuliko uchovu ni ile ahadi ya “njoo kesho”. Kila inapovunjwa, humleta mlangoni mtu mwenye hasira katika saa uliyoitenga kwa kukata, nawe unaanza kulikimbia banda lako mwenyewe. Kwa hiyo hesabu nguo ulizomaliza kweli wiki iliyopita, upokee idadi hiyo tu, na kila tarehe ya kuchukua iandikwe mbele ya mteja pamoja na kianzio alicholipa. Msimu wa Idi, Krismasi na sare za shule za Januari hauvumilii ratiba ya kawaida. Bandika mlangoni mapema tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa, na atakayekuja baada ya hapo umwelekeze kwa fundi mwenzako.