Kubadilisha gasketi ya eksozi kwenye Land Cruiser ya zamani

Gasketi ya eksozi, yaani kizibo chembamba kati ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) na manifoldi (bomba la chuma linalokusanya moshi wa silinda), mara nyingi haifi yenyewe. Ikiungua, kwanza shuku nati iliyolegea, stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) iliyokatika au manifoldi iliyopinda, na ukiacha chanzo hicho, mpya nayo itaungua. Nazungumzia injini kama 1HZ, dizeli ya Toyota yenye silinda 6 kwenye mstari mmoja: manifoldi yake ni ndefu, ni rahisi kupinda. Hapa Dar chumvi ya bahari inakula nati, na kukatiza maji ya mafuriko bonde la Jangwani chuma kikiwa cha moto kunaweza kukipindisha au kukipasua.

Hatua ya 1: Hakikisha. Washa asubuhi injini ikiwa baridi. Ukisikia tik-tik-tik inayokwenda na mzunguko wa injini, halafu inapungua chuma kikipata moto na kutanuka, mulika tochi. Panapovuja pana masizi. Usiendelee kuendesha hivyo: moshi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu na inayoua.

Hatua ya 2: Fungua manifoldi. Jana yake pulizia nati zote dawa ya kutu. Injini iwe baridi, betri imechomolewa. Kabla ya kulegeza, kaza nati kidogo sana ili kutu iachie. Ikigoma, usiunge bomba kwenye spana kuongeza nguvu. Pulizia tena, subiri dawa ikauke, ndipo uipashe moto, moto ukiwa mbali na mipira ya dizeli. Stadi ikikatikia ndani ya silinda hedi, itabidi itobolewe.

Hatua ya 3: Safisha, pima. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha, na ndipo kazi ilipo. Kwangua mabaki yote kwenye hedi na manifoldi hadi chuma king'ae, bila kukichimba. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya matundu yote ya manifoldi, kisha jaribu kupitisha fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) chini yake. Uwazi ukizidi kipimo cha kitabu cha injini yako, peleka manifoldi karakana za Gerezani, Kariakoo, ichongwe.

Hatua ya 4: Funga. Gasketi ikae kavu, bila kupakwa silikoni. Silikoni haihimili joto la pale. Weka nati mpya, zikaze kwa mkono kwanza, kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, mizunguko kadhaa, ukimalizia kwa spana ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza). Badilisha pia gasketi ya chini, manifoldi inapokutana na bomba.

Hatua ya 5: Jaribu mahali pa wazi. Msaidizi azibe mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene sekunde chache. Wewe sikiliza kwenye maungio. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, pitia nati zote tena kwa kipimo kilekile.