Taa ya injini imewaka: soma kodi kabla ya kununua sensa

Taa ya injini ikiwaka na kubaki, usimruhusu fundi achomoe batri ili aizime. Ukichomoa batri, kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi) zinafutika pamoja na rekodi ya hali ya injini pale hitilafu ilipotokea: joto, mzunguko, mzigo. Hitilafu yenyewe inabaki, na taa itarudi.

Soketi ya OBD2, ambapo kifaa cha kusomea kodi (skana) huchomekwa, ina pini 16, na iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Chomeka skana, weka kontakti (zungusha ufunguo bila kuwasha injini), soma. Skana isipowaka, tafuta fyuzi iliyoungua: pini 16 lazima iwe na volti 12 za batri, na pini 4 na 5 ndizo hasi.

Toyota nyingi za Japani za miaka ya 1990, ambazo bado zinatembea hapa Goma, mashariki mwa Kongo, zina soketi hiyo lakini skana ya bei ndogo haielewani nazo. Hapo tumia waya. Toa kontakti, upande mpana wa soketi uwe juu, kisha hesabu kutoka kushoto: unganisha pini 4 (ya nne, safu ya juu) na pini 13 (ya tano, safu ya chini). Pini 16 usiiguse kabisa. Rudisha kontakti bila kuwasha injini. Taa ikimweka mara mbili, ikatulia kidogo, ikamweka mara moja, hiyo ni 21, saketi ya sensa ya oksijeni (inayopima oksijeni kwenye moshi). Ikimweka mfululizo bila kutulia, hakuna kodi.

Andika kodi zote kabla ya kufuta chochote. Herufi ya mwanzo ya kodi inaonyesha sehemu: P ni injini na giaboksi, C ni chesi, B ni bodi, U ni mawasiliano ya kompyuta. P0301 ni silinda ya kwanza kukosa kuwaka: hamishia bobini yake (koili ya umeme wa cheche) silinda ya pili. Ikija P0302, bobini imekufa. P0301 ikibaki, angalia bujia (plagi ya cheche). Taa inayomweka ukiwa barabarani ni jambo jingine. Punguza mwendo, simama, maana petroli isiyoungua inaharibu katalisti, kisafisha moshi kwenye bomba la egzosi.

Kodi inayomaliza watu pesa ni P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ilhali mara nyingi sensa hiyo ndiyo inayosema kweli. Anza na mpira wa hewa kati ya sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia) na throtoli (mlango wa hewa wa injini). Ukunje kwa mkono, kwa sababu nyufa hujificha ndani ya mikunjo. Kisha tazama MAF yenyewe: filta ikichanika, vumbi jeusi la lava hupita na kuganda kwenye vile vinyuzi vyembamba. Visafishe kwa spreya ya MAF tu, bila kuvigusa, na uviache vikauke.

Skana ikionyesha marekebisho ya petroli (kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli), itakuokolea muda mwingi. Yakiwa juu injini ikinguruma gari likiwa limesimama, kisha yakashuka ukifika mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayovuja baada ya MAF. Yakipanda kadiri unavyokanyaga, shuku MAF, filta ya petroli au pampu.

Usidanganywe na mwinuko wa Goma juu ya bahari. Injini ikiwa imezimwa na kontakti imewekwa, sensa ya MAP (inayopima shinikizo la hewa) hapa Goma inasoma karibu kPa 85, wakati Mombasa ingesoma karibu 101. Iko sawa.

Ukimaliza kutengeneza, futa kodi, endesha, kisha fungua ukurasa wa kodi zinazosubiri (hitilafu zilizoonekana lakini bado hazijawasha taa). Hitilafu nyingi huhitaji kuonekana katika safari mbili kabla ya kuwasha taa, kwa hiyo taa kuzimwa siku ya kwanza bado si jibu.