Kabla ya Kukanyaga Barafu, Kagua Makali ya Viatu

Ukaguzi huu wa viatu vya kuteleza barafuni, vile vyenye chuma chini ya soli, ufanye nyumbani, usiku wa kuamkia safari, penye taa nzuri na vidole vikiwa na joto. Ukingoja mpaka ufike barafuni, vidole vimeshakufa ganzi, watoto wanakuvuta mkono, na hata ukigundua kasoro huna fundi wa kunoa hapo karibu. Hapa Ottawa, Kanada, Mfereji wa Rideau ukiganda vya kutosha hufunguliwa njia ya kuteleza yenye urefu wa kilomita 7.8. Viatu vikikugomea katikati ya njia ile, kurudi ulikotoka ni kazi.

Sisi tuliokua na visu na mapanga hudhani chuma cha kiatu cha barafu kimechongwa kikawa na makali mamoja katikati. Sivyo. Kigeuze ukitazame. Chuma cha kiatu cha hoki ya barafuni kina upana wa takriban milimita 3, na upande wake wa chini umechimbwa kijifereji kuanzia kisigino hadi mbele. Kingo mbili zinazobaki, wa ndani na wa nje, ndizo makali yenyewe. Kila unapojisukuma au kupinda kona unaegemea ukingo mmojawapo. Kwa hiyo una makali manne ya kukagua, mawili kila mguu, na yote yawe sawa.

Usidanganywe na upya wa kiatu. Viatu vingi vya hoki hutoka kiwandani bila kunolewa, na muuzaji asipokwambia utaingia navyo hivyo hivyo.

Anza na mwanga. Shika kiatu chuma kikiwa juu, washa tochi ya simu, kisha fuata kila ukingo polepole. Ukingo mkali ni mwembamba mno kuweza kuakisi mwanga, hivyo hutauona. Ukingo butu humeremeta kama uzi mweupe. Ukiona uzi huo sehemu fulani tu, basi hapo ndipo palipolika.

Halafu ukucha. Weka ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo, uvute kidogo kukingama na chuma bila kukandamiza. Makali yakiwepo yatakwangua unga mweupe kama wa chaki. Ukucha ukipita bila kukwanguliwa, kiatu hicho kiende kwa fundi. Rudia kisigino, katikati na mbele, kwa kingo zote. Ukingo wa ndani uangalie zaidi, maana ndio unaotumika sana kujisukumia. Ila usipitishe nyama ya kidole juu ya makali kwa urefu, utajikata. Kutafuta mapengo tumia pamba: inaponasa na kuacha nyuzi, hapo pana pengo, aghalabu ni jiwe au sakafu ya saruji uliyoikanyaga bila kava ya kufunika makali.

Kipimo cha tatu ndicho wengi hawakijui, nami naking'ang'ania kwa sababu ya binti yangu. Tulimnunulia viatu vya mtumba, tukavinoesha. Kwa mwanga vilikuwa safi, ukucha vilikwangua. Lakini kila akijisukuma, mguu wa kulia ulimponyoka. Wiki mbili tulimwambia akunje magoti, ajikaze, aache woga, mpaka akasema hataki tena. Fundi mwingine, mzee mpole, alichukua sarafu akailaza juu ya kingo mbili za kiatu kile. Sarafu iliinama upande mmoja, hata mtoto mwenyewe aliiona. Ukingo mmoja ulikuwa juu kuliko mwenzake. Kosa halikuwa lake hata kidogo, na bado linaniuma kwamba tulimlaumu. Basi laza sarafu au rula fupi juu ya kingo, uitazame kwa usawa wa macho kutokea mbele: lazima ifanye pembe mraba na chuma.

Ukimpelekea fundi, mwambie anayevaa ni nani. Atakuuliza namba ya kijifereji, yaani nusu kipenyo cha duara ambalo mpindo wa kijifereji ni kipande chake, na hapa hutajwa kwa inchi. Nusu inchi ndiyo ya kawaida kwa hoki. Namba ikipungua, kijifereji huzama zaidi na makali hung'ata zaidi. Anayejifunza akipewa makali yanayong'ata mno, atashindwa kusimama kwa sababu mguu unanasa. Viatu vyenye meno mbele, vya wanaoruka na kuzunguka, mpe fundi anayevijua. Meno yale hayasagwi.

Kuhusu muda, wachezaji wengi wa hoki hunoa kila baada ya saa 10 hadi 15 za barafu. Barafu ya nje ina mchanga na uchafu, hivyo hula makali mapema zaidi. Kutu nayo huyala. Kausha chuma kwa kitambaa kila ukitoka, kisha kivalishe kava za kitambaa. Zile za plastiki ni za kutembelea tu, ukivihifadhia viatu ndani yake zinafungia maji.

Ukifika, kabla ya kuuachia ukuta, shikilia kwa mikono miwili, inamisha mguu kidogo na usukume kwa ukingo wa ndani. Jaribu wa kulia, kisha wa kushoto. Ukisikia mkwaruzo na mguu ukashika, nenda. Ukiteleza pembeni bila kushika, toka, hata kama umeshalipa.