Rem kwenda sieveti: gawa kwa 100, ila angalia mili na mikro

Ukiwa na kipima mionzi cha zamani kinachosoma kwa rem (kipimo cha zamani cha dozi ya mionzi), na fomu inataka sieveti (kipimo cha sasa), gawa kwa 100. Rem 5 ni sieveti 0.05, yaani milisieveti 50, ambacho ndicho kikomo cha mwaka kwa wafanyakazi wa mionzi nchini Marekani. Radi kwenda grei, yaani vipimo vya zamani na vya sasa vya nishati ya mionzi inayofyonzwa, ni vilevile.

Wengi hawakosei kwenye hiyo 100. Wanateleza kwenye mili (sehemu ya elfu) na mikro (sehemu ya milioni). Mimi napendelea njia hii: milirem 1 ni mikrosieveti 10. Kwa hiyo kipima kikionyesha milirem 2.5 kwa saa, zidisha kwa 10, unapata mikrosieveti 25 kwa saa. Desimali hazitakusumbua.

Kiuri, kipimo cha zamani cha kasi ya kuvunjika kwa viini vya atomi, ndiyo korofi ukiipeleka kwenye bekereli, maana haiendi kwa kumi-kumi. Shika 37: milikiuri 1 ni megabekereli 37, mikrokiuri 1 ni kilobekereli 37. Ila usijaribu kugeuza bekereli kuwa sieveti kwa kuzidisha namba moja tu. Bekereli huhesabu viini vinavyovunjika kila sekunde. Dozi hutegemea pia aina ya mionzi, umbali wako na muda uliokaa hapo.