Kunakili mahojiano kwa mpv bila kugusa kipanya

Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Mtafiti anamrekodi mzee wa Pangani au Mkinga akisimulia mambo ya bahari, ananitumia faili, nami namrudishia maandishi. Nalipwa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika ya kazi, na saa moja ya sauti hunila saa tano, au sita ikiwa walirekodi ufukweni na upepo unavuma. Kila mkono unapotoka kwenye kibodi kwenda kutafuta kipanya, hela yangu ndiyo inayotoka.

Laptop yangu ni ya zamani, memori GB 2, na kioo kimekufa upande wa chini, palepale ambapo programu za muziki hupenda kuweka vitufe vyake. Nilipolalamika, mtoto wa dada yangu alinifungulia lile dirisha jeusi la amri akaniwekea mpv, programu ya kucheza sauti na video inayoendeshwa kwa kibodi. Nikamwambia mimi si fundi wa mitambo. "Mama mdogo, andika mstari mmoja tu, ukishindwa natoa." Hajaitoa mpaka leo.

Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zake wa Linux, unaiweka hivi:

sudo apt install mpv

Kisha ingia kwenye folda yako kwa amri ya cd ikifuatwa na jina la folda, halafu:

mpv --no-video mzee-01.m4a

Hilo neno la katikati linaizuia isifungue dirisha la picha. Bila hilo, hata mp3 yenye picha ya jalada itakufungulia dirisha usilolihitaji. Faili lililopitia WhatsApp huweza kuja na jina refu lenye nafasi ndani yake, na amri ikikutana na nafasi hudhani hapo limeanza jina la faili jingine. Andika herufi mbili tatu za mwanzo, bonyeza Tab, jina litajimalizia lenyewe. Mimi nikipokea tu nalibadilisha, kwa sababu majina yale yananiumiza kichwa.

Kitufe cha nafasi husimamisha na kuendeleza. Mshale wa kushoto unakurudisha sekunde 5, wa kulia unakupeleka mbele sekunde 5. Wa juu hupeleka mbele dakika nzima, wa chini hurudisha nyuma dakika nzima. 9 hupunguza sauti, 0 huongeza. q hufunga. Aliyewahi kutumia MPlayer, ile programu ya video iliyoanza Hungaria mwaka 2000, atajiona yuko nyumbani, kwani mpv imetokana nayo na vitufe vingi vimebaki vilevile.

Q kubwa hufunga na kukumbuka ulipoishia. Lakini umeme ukikatika na betri yako ni pambo kama yangu, hakuna aliyebonyeza Q. Ndiyo maana naandika muda kando ya kila aya, ule unaoonekana chini ya dirisha:

A: 00:12:41 / 01:03:20 (20%)

Umeme ukirudi, naanzia hapo hapo:

mpv --no-video --start=12:41 mzee-01.m4a

Mzee anayesema haraka mpunguzie mwendo kwa [ na mrudishie kwa ]. Kila mbonyezo ni sehemu ya kumi hivi, na kitufe cha kufuta herufi (Backspace) hurudisha mwendo wa kawaida. Sauti haizami kama kaseti iliyoishiwa betri. Anabaki na sauti yake, ila anasema kwa utulivu. Chini ya 0.7 ya mwendo wa kawaida mimi siendi, maneno yanaanza kuvutika mpaka silabi zinapotea.

Sasa herufi ambayo kwangu ina thamani kuliko zote: l ndogo. Ibonyeze mwanzo wa kipande kisichosikika, ibonyeze tena mwisho wake, na mpv itakizungusha kipande hicho bila kuchoka. Ukiibonyeza mara ya tatu, inakiachia. Kuna mzee mmoja nilimwandika "upepo makali". Nilipopitia maandishi usiku, ngeli ikanishtua: mtu aliyekula chumvi vile, mzaliwa wa pwani, aseme upepo makali? Nikarudi kwenye sekunde zile nne, nikazizungusha labda mara thelathini, kwa mwendo wa 0.8. Alikuwa anasema "upepo wa matlai", ule wa kutoka mashariki. Ningepeleka kazi ile, mtafiti angeandika upepo mkali kwenye kitabu chake na habari ya siku ile baharini ingegeuka nyingine kabisa.

Mara nyingi kinachosumbua si mzee bali kinasa sauti: muulizaji anakushtua masikio kwa sababu amekishika mkononi, mzee anasikika kama yuko chumba cha pili. Kwa hilo kuna vichujio:

mpv --no-video --af=highpass=f=150,dynaudnorm mzee-01.m4a

Cha kwanza hupunguza mngurumo wa chini, wa upepo na wa magari. Cha pili huinua sauti iliyo mbali ili ikaribiane na iliyo karibu. Usiweke nafasi baada ya koma. Nacho cha pili kina kasoro yake: pakiwa kimya, kinainua hata kuku wa jirani. Mahojiano yaliyorekodiwa ndani ya nyumba nayaacha yalivyo.

Kilichobaki kilinikera miezi. mpv husikia vitufe vile ukiwa kwenye dirisha lake tu. Ukihamia LibreOffice kuandika, kitufe cha nafasi kinaandika nafasi. Dawa ni kuifungulia mlango wa uani, wa kupokea amri kutoka nje ya dirisha lake:

mpv --no-video --input-ipc-server=/tmp/mlango mzee-01.m4a

Weka na programu ndogo ya socat (sudo apt install socat), ndiyo itakayobisha hodi na kupeleka amri. Fungua dirisha la pili la amri ujaribu:

echo 'cycle pause' | socat - /tmp/mlango
echo 'seek -4' | socat - /tmp/mlango

Ya kwanza inasimamisha au kuendeleza, ya pili inarudi sekunde 4. Ukiona zinaitika, nenda kwenye mipangilio ya kibodi ya kompyuta yako, sehemu ya njia za mkato, uzifunge kwenye vitufe usivyovitumia. Yangu ni F7 kurudi na F8 kusimama. Pale panapotaka amri, izungushie hivi, la sivyo ule mstari wa wima hautaeleweka:

sh -c "echo seek -4 | socat - /tmp/mlango"

Tangu hapo naandika na kurudisha sauti nyuma kwa mikono ileile, macho yakiwa kwenye maandishi.

Ukichoka kuandika mambo yaleyale kila asubuhi, yahamishie kwenye faili la ~/.config/mpv/mpv.conf, kila jambo mstari wake, bila vile vistari viwili vya mbele:

vid=no
save-position-on-quit
input-ipc-server=/tmp/mlango

Mstari wa pili unaifanya q ndogo ikumbuke ulipoishia kama Q. Na kwa sababu wa kwanza, ambao ni --no-video kwa sura nyingine, unazima picha zote, siku watoto wakitaka katuni itabidi uandike mpv --vid=auto katuni.mp4, au watakuja kukuambia umeiharibu kompyuta.

Usiku nikimaliza, masikio yanataka taarabu, si mahojiano. Hii inachanganya nyimbo za folda nzima na kujizima baada ya dakika 40, nami nimeshalala:

timeout --foreground 40m mpv --shuffle ~/Taarabu

Usiliache neno --foreground. Niliwahi kuliacha, wimbo ukapiga kwa sauti ya harusi saa sita za usiku na hakuna kitufe kilichoitika.