Kabla mtoto mwenye mpira kichwani hajapanuliwa fuvu

Mzazi mwenzangu wa Tanga, kama mwanao aliwekewa mpira wa kutoa maji kichwani angali mchanga, na sasa daktari anataja kupanua fuvu, anza na daftari. Begi na nauli vitafuata.

Mpira huyatoa maji ya ubongo na kuyashusha tumboni. Kwa baadhi ya watoto huyatoa kupita kiasi kwa miaka: vyumba vya maji vinanywea, maungio ya fuvu yanafunga mapema, ubongo unakua na nyumba yake haikui. Presha ya kichwani inapanda. Ukipiga CT Scan, vyumba vinaonekana vyembamba kama ufa, na asiyezoea hali hii atasema mpira unafanya kazi vizuri. Sisi tuliambiwa hivyo mara mbili, tukarudi nyumbani na Panadol, na mtoto kila alfajiri anashika paji la uso na kutapika kabla hajagusa chai. Kilichosikilizwa mwishoni ni kurasa zangu: kaanza kulia saa ngapi, alikuwa amelala au amesimama, katapika mara ngapi, nini kilimtuliza. Andika pia akianza kujikwaa au kusogelea sana televisheni. Presha hii huweza kuua mshipa wa fahamu wa jicho polepole na mtoto asiseme kitu, kwa hiyo omba daktari wa macho amtazame nyuma ya jicho. Na akizidiwa na usingizi, akawa haamki vizuri, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo.

Muulize daktari bingwa kama mpira wenyewe umekaguliwa. Mara nyingi hujaribu kwanza kurekebisha au kubadilisha vali, yaani kidude cha kwenye mpira kinachoongoza maji yanayotoka, na pengine hupima presha kwa waya mwembamba ndani ya kichwa kwa siku moja au mbili. Jambo lililoniuma kulijua kwa kuchelewa: baada ya upasuaji, mpira kwa kawaida unabaki.

Damu nayo. Mfupa hukatwa vipande na kupangwa upya ili nafasi iongezeke, na ngozi ya kichwa hutoka damu nyingi. Mtoto wa kilo 12 mwili mzima hana hata lita moja. Watafute ndugu walioko Dar wakachangie mapema, maana kutoka hapa hadi MOI, taasisi ya upasuaji wa mifupa na ubongo pale Muhimbili, ni kilomita 350 hivi, na mjomba wa Makorora hafiki kwa kuitwa usiku.

Beba barua ya rufaa, CD za picha zote hata za zamani, na kadi yenye aina ya mpira kama ulipewa. Kama alizaliwa na mgongo wazi, taja, kwa sababu wengi wao hudhurika na glavu za mpira. Kikohozi au homa usifiche kwa kuogopa kuahirishiwa.

Chakula kinakoma yakibaki masaa 6 kabla ya dawa ya usingizi, ziwa la mama masaa 4, maji matupu masaa 2, au kama utakavyoelekezwa. Mweleze bibi yake kwa upole lakini asielewe vingine. Kijiko cha uji cha huruma kinaweza kurudi na kuingia kwenye mapafu. Nywele zisisukwe. Hina na rangi ya kucha ziache, kwani kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni. Nguo ziwe za vifungo mbele, hakuna kitu kitakachopitishwa kichwani.

Halafu uvimbe. Siku ya pili au ya tatu uso huvimba hadi macho yanafumba kabisa. Hupungua wenyewe, ila mtoto asiyeandaliwa hudhani amepofuka. Wiki nzima kabla tulicheza mchezo wa kufumba macho na kunitafuta kwa kushika kanga yangu, moja ileile. Nikaivaa hospitali. Alipoamka haoni, mkono wake ulipapasa kitandani ukaufikia upindo, akauvuta na kuniita.